Betri Iliyokatazwa Jua

Kijiwe cha Mtaa wa Sikukuu kina benchi lenye mguu wa kuazima, na mbele yake meza ya Zahoro, fundi redio. Mwaka ule Kariakoo ilifurika redio mpya kutoka bandarini, mgao wa umeme nao ukapamba moto, lakini watu walikuja kutazama globu moja ya tochi. Ilikuwa siku ya ishirini inawaka pale mezani, usiku na mchana, kwa betri moja tu. Aliyeiunda, Urvish, mtafiti wa chuo kikuu, alifariki kwa malaria siku ya nne tangu iwashwe.

Marehemu alisaga mkaa wa vifuu ukawa laini kuliko poda ya uso, akaujaza ndani ya ganda la betri ya kawaida. Alisema umeme hukaa kwenye vinafasi vya chembe zisizoonekana kwa macho. Akamwachia Zahoro daftari: kila siku piga mstari, na usiianike juani kama mnavyoanika betri zenu, utaharibu utafiti.

— Inatunyonya, alisema Sadalla, ambaye kijiwe kinamwita Wizara. Tangu ije nachoka mapema.

— Wewe umechoka tangu uzaliwe, alijibu Pius, dereva wa lori. Mimi inanila majina. Jana nilimsahau mwanangu wa kwanza.

Hakuna aliyecheka. Sadalla akashusha kikombe cha kahawa.

— Marehemu alikuwa anasaga ule unga bila kitambaa puani. Alivuta unga, unga ukamvuta. Yumo humo.

Zahoro alilifungua daftari, akahesabu mistari ishirini. Mama yake Urvish, Mama Daksha, alikuwa njiani kulichukua. Chuo kingelichapisha kwa jina la mwanawe.

Mama Daksha alifika kwa miguu, sari nyeupe, mkoba kwapani. Wakamwamkia, akaitikia, akaketi. Zahoro akaona hawezi kumwongopea mfiwa.

— Mama, nisamehe. Ilizima siku ya nne. Niliposikia msiba nikashindwa kuvumilia kuiona imezima. Nikaianika juu ya bati la kibanda, nikaja kwenu. Jioni nikairudisha, ikawaka. Haijazima tena.

Akafuta mistari kumi na sita.

— Mwenyewe alitegemea siku ngapi?

— Tatu, mama.

— Basi nne zinamtosha, alisema, machozi yakimtoka.

Kisha akafungua mkoba, akatoa betri iliyofungwa kwenye leso. Kwenye kitako ilikwaruzwa herufi U.

— Siku ile nilipita hapa nikitoka hospitali. Hukuwepo. Niliiona juu ya bati kati ya betri mbovu, nikadhani umeitupa. Nikaichukua. Nalala nayo.

Zahoro akaigeuza mikononi. Ilikuwa yenyewe, baridi, imekufa. Jioni ile, kwa majonzi, hakuwa ametazama kitako. Alichukua iliyokuwepo, mkweche kama mikweche mingine, ambao haukuweza hata kuamsha redio.

Mama Daksha akaielekea meza.

— Sasa hiyo inayowaka, fundi, inawashwa na nini?

Sadalla akatazama kahawa yake. Pius akalisogeza benchi nyuma. Zahoro akanyoosha mkono aitoe, aone, akafika nusu ya meza, akaurudisha mapajani.

Mama Daksha akalipokea daftari lenye mistari minne, lakini hakuondoka. Akavuta benchi, akakaa karibu na globu.