Picha za Wembe Zinakwenda Wapi

Benchi letu liko kati ya kinyozi na duka la kutoa kopi. Lina miguu mitatu, wa nne ni tofali, na upande wa tofali nakaa mimi fundi viatu kwa sababu wenzangu siwaamini. Wenzangu wenyewe ni hawa: Wembe, mwenye kinyozi, Plastiki, mwenye duka la kopi, ambaye huvisha plastiki kila karatasi inayopita mbele yake, hata risiti ya nyanya, na Profesa, dereva wa lori la mchanga, ambaye sijawahi kumsikia akisema "sijui". Kahawa anatumiminia Mama Birika, na birika lake likikauka kikao kimeisha, hakuna rufaa. Jana saa kumi jioni Wembe alitoka dukani kwake ameshika kamera, uso umemshuka kama wa mtu aliyefiwa. Ndani alimwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

Wembe: Zimepotea tena.

Profesa: Nini?

Wembe: Picha. Napiga, naiona hapa kwenye kioo, sekunde mbili, haipo. Yanabaki maandishi mekundu yanawakawaka, ya lugha ya watu.

Mama Birika: Yanasemaje?

Wembe: Ningejua yanasemaje ningekuja kukaa na nyinyi?

Hapa lazima nieleze, maana asiyejua atadhani tulikuwa tunacheza. Leo saa nne asubuhi binti yake Wembe anahitimu uuguzi, wa kwanza katika ukoo wao kuvaa joho lolote. Binti alipomaliza shule ya msingi, Wembe aliazima simu ya jirani akapiga picha kumi na mbili, zote za kidole gumba chake mwenyewe. Alipomaliza sekondari mzee alikuwa ameendelea: kidole kilikaa pembeni tu, ila katikati alitokea mwalimu mkuu anapiga chafya. Binti hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma baba yake kuliko matusi. Safari hii alinunua kamera ndogo, mpya, akamwambia binti asihangaike na mpiga picha wa kukodi, baba yupo.

Wiki mbili nzima amejifunza. Amejifunza kubana viwiko mbavuni, kuzuia pumzi, kuligeuzia jua mgongo. Amepiga picha mia mbili na kumi na kila moja ameitia alama kwenye daftari. Shingoni ameivaa ile kadi iliyokuja na kamera, kitu cheusi kidogo kama ukucha, kimekaa katikati ya plastiki yenye upana wa kiganja. Muuzaji alimwambia kadi hiyo ndiyo kila kitu, isipotee, isilowe. Wembe ni mtu anayesikia akiambiwa, kwa hiyo siku ileile alimpelekea Plastiki aivishe, ikatobolewa tundu, ikatiwa uzi.

Profesa: Mbona jambo dogo. Kamera hii bado changa. Umewahi kuona mtoto wa wiki mbili anakumbuka kitu? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ipe siku arobaini.

Wembe: Mahafali ni kesho.

Profesa: Wasogeze mbele.

Plastiki: Profesa, usimpoteze mwenzio. Picha zinamwagika. Mwangalie anavyoibeba, inaning'inia tumboni, jicho limetazama chini. Ukiinamisha sufuria, maji yatabaki humo? Haraka haraka haina baraka.

Wembe: Juzi nimeilaza chali kutwa nzima.

Plastiki: Ukaifunika?

Wembe: Kwa bakuli.

Plastiki: Bakuli linapitisha hewa. Ingekuwa mimi, kamera nzima ningeivisha plastiki.

Mimi: Wewe hata samaki ungemvisha asilowe.

Mama Birika: Mimi naona inaona haya. Mnaikodolea macho wote mmenuna. Na wewe baba, shati gani hilo la njano mbele ya kitu kigeni? Kikulacho ki nguoni mwako.

Wembe alijitazama kifuani. Akaisogeza ile kadi pembeni ili alione shati vizuri.

Wembe: Ni hili shati kweli?

Mama Birika: Livue ujaribu.

Akaingia ndani, akarudi amevaa lile aproni lake la kijivu lenye nywele za watu watano. Akamsimamisha mteja mlangoni, akabana viwiko, akazuia pumzi mpaka mishipa ikamtoka, akapiga. Tulijazana kwenye kioo. Nusu kichwa cha mteja kilitokea, kizuri tu, mwanga safi. Kikatoweka.

Wembe: Mia mbili na kumi na moja.

Mteja: Sasa mimi utanimalizia lini?

Wembe: Subiri, ndugu yangu, tuna mtihani hapa.

Profesa alikunja mguu juu ya mguu, na mimi nikajua tumekwisha.

Profesa: Sasa nimeelewa. Picha hazipotei. Zinasafiri. Zikitoka hapo zinapaa, zinakwenda kiwandani kwao, na huko kuna jopo linazikagua moja moja. Nzuri wanairudisha. Mbaya wanaichoma.

Wembe: Mia mbili na kumi na moja, zote mbaya?

Profesa: Umepiga nini?

Wembe: Vichogo. Vya wateja.

Profesa: Unaona mwenyewe. Mtu mzima ameamka asubuhi, amekaa mezani, analetewa vichogo tu.

Plastiki: Hilo jopo lina watu wangapi?

Profesa: Saba. Na mmoja hana huruma.

Mimi: Umejuaje?

Profesa: Usione vyaelea, vimeundwa.

Methali ile iliingiaje hapo hakuna aliyeelewa. Mama Birika ndiye aliyesema kwamba kama kuna wakubwa, basi wakubwa huombwa. Plastiki alikwenda dukani mbio, akarudi na karatasi iliyochapwa kwa herufi kubwa: WAHESHIMIWA, KESHO NI BINTI YANGU. TAFADHALI MSICHOME. Alikuwa ameshaivisha plastiki, bado ya moto. Profesa akaishika mbele ya kamera kwa mikono miwili, na Wembe akapiga, wale saba waisome.

Kwenye kioo ulionekana mng'aro mweupe wa plastiki tu, hakuna herufi hata moja. Nao ukatoweka.

Wembe aliiweka kamera kwenye benchi. Alikaa chini, akafungua daftari atie alama ya mia mbili na kumi na mbili, na alama ikatoka nje ya mstari. Mkono ule unanyoa ndevu za watu tangu mimi nina nywele. Nilimhurumia sana, na nilijikasirikia pia, kwa sababu nilikuwa nimecheka tangu saa kumi.

Wembe: Nitamwambia nini? Nimemkataza asitafute mpiga picha.

Plastiki: Mwambie jopo.

Wembe: Nyamaza, Plastiki.

Ndipo binti mwenyewe akatokea pembeni ya duka la kopi, mfuko wa sare mkononi, kofia ya uuguzi ameishikilia juu isikunjike.

Binti: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Binti: Baba, mama anauliza unarudi saa ngapi. Mbona mko hivi? Nani mgonjwa?

Baba yake alimpa kamera. Binti akayasoma yale maandishi mekundu.

Binti: Inasema haina kadi.

Wembe: Uongo. Kadi ninayo. Haijanitoka shingoni tangu niinunue.

Akaiinua kwa uzi wake. Binti aliishika, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaitazama kamera, akatutazama sisi. Kisha akauliza kwa ile sauti tulivu ya kumuuliza mgonjwa amekula nini:

Binti: Nani aliivisha plastiki?

Swali jepesi namna hiyo, na benchi zima likapata shughuli. Profesa alianza kukagua tofali. Mimi nilikumbuka kiatu cha kushona. Plastiki alikuwa anasoma namba za lori la Profesa kana kwamba ameliona leo. Mama Birika aliinamisha birika, halikutoa hata tone.

Plastiki: Mashine iliitema. Ikabidi niipige pasi. Lakini ya vuguvugu.

Binti: Baba, kadi hii hukaa ndani ya kamera. Picha zinalala humu. Kachukue wembe mpya.

Wembe alikata plastiki ile ukingo kwa ukingo, viwiko amebana mbavuni, pumzi ameizuia. Wiki mbili zake zilikuwa hapo zote, na wembe haukutoka nje ya mstari. Kadi ikatoka nzima. Binti akaitelezesha ndani ya kamera na maandishi mekundu yakazimika. Akavaa kofia, akasimama jua likiwa mgongoni kwa baba yake.

Wembe akapiga.

Picha ikatokea. Tulihesabu kwa sauti, mteja naye ndani ya shuka lake: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini. Haikwenda popote. Binti anacheka, kofia imelala upande, na kwenye pembe ya chini, kimetulia kama mwenye nyumba, kidole gumba.

Wembe: Naifuta. Nipige nyingine.

Binti: Usiifute. Bila hicho watu watajuaje kwamba umepiga wewe?

Wembe alilia palepale, wala hakutafuta kisingizio. Kisha Plastiki akanyoosha kidole, taratibu, kama mwanafunzi aliyetolewa nje jana yake.

Plastiki: Hiyo ikichapwa, si itahitaji kukingwa na maji?

Binti: Hiyo utaivisha, mjomba. Ila pasi uiache nyumbani.