Waya Uliotoka kwenye Ndiva

Ndugu zangu, waliotangulia kusimama hapa wameshuhudia kuponywa mgongo, kuponywa homa, na yule mama wa mwisho ameshuhudia kumpata mbuzi wake aliyepotea. Hongereni. Mimi sikuugua wala sikupotelewa na mnyama. Mimi nilikuwa mtu wa dharau, na nawaambia mapema kwamba ugonjwa huo haujaniisha wote, kwa hiyo mkiusikia unakohoa humu ndani ya maneno yangu, nivumilieni. Sitamtaja mtu kwa jina. Wenyewe mtajijua.

Watu wazima mnaikumbuka miaka ile ya shida. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na karani anayesinzia. Sabuni ikifika, foleni inaanza kabla jogoo hajawika. Betri za redio ndiyo usiseme. Watu walizianika juu ya bati kama mahindi, wengine wakazitoboa kwa msumari na kuzitia maji ya chumvi, halafu wakakaa wanaiangalia redio, wanaisubiri iseme. Mimi nilikuwa nawacheka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu kwenye karakana ya shamba la mkonge kule tambarare, nikajifunza kulehemu, nikapanda huku Gonja na sanduku zima la redio mbovu. Jirani akiipiga redio yake makofi ili iache kukwaruza, nilimwona ng'ombe tu. Hata leo nikimwona mtu anapiga redio makofi, naondoka pale nisije nikasema neno.

Sasa, nyumba yangu iko chini kidogo ya ukuta wa ndiva. Kwa wageni waliokuja kutoka Same, ndiva ni bwawa letu la kumwagilia. Mfereji unalijaza, kizibo cha gogo kinalizuia, na kila mtu ana zamu yake ya kufunguliwa maji. Jumapili hakuna anayemwagilia. Maji yanakusanyika kwa ajili ya watu wa Jumatatu, wale wa mashamba ya chini. Mlinzi wa kizibo alikuwa mzee mmoja mpole, mtu wa kanisani, ambaye hakuwahi kuonja hata pombe ya dengelua ya harusini.

Mimi nikachukua dainamo ya baiskeli. Nikakata madebe, nikatengeneza gurudumu lenye mapanga la kuizungusha. Nikachimbia bomba pembeni mwa kizibo, likafunikwa na majani, maji yakatoka yakaligonga gurudumu na kumwagikia korongoni ambako hayamfai mtu yeyote. Nikavuta waya kutoka pale hadi dirishani kwangu. Nikaunga dayodi nne za kunyoosha umeme, na redio ikasema. Bila betri hata moja! Nililia, ndugu zangu. Nilijiona nina akili kuliko mlima huu wote.

Jumapili ya kwanza ulitangazwa mpira. Nikaweka benchi uani, wanaume wakaja. Waliniuliza umeme unatoka wapi, nikajibu, “Mambo ya kitaalamu, hamtaelewa.” Wakatikisa vichwa, wameridhika. Jumapili ya pili walikuja wengi zaidi. Ya tatu nikaunga kipaza sauti kikubwa nilichokiokota karakanani, na kwa kuwa umeme haukutosha, nikaongeza bomba la pili. Kiangazi kilikuwa kimeanza, mfereji unaleta maji kidogo kama machozi ya mnafiki, na mimi namwaga ya watu korongoni ili wanaume wapige kelele za goli.

Mke wangu ndiye peke yake aliyesema. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akasema, “Baba, huo mpira wenu unakunywa maji mengi.”

Nikamwambia, “Wewe chambua maharage.”

Watu wa Jumatatu wakaanza kulalamika. Wanafika asubuhi, ndiva iko nusu. Wakasema ni fuko wametoboa ukuta, wakachimba wasipate fuko. Basi wakamgeukia mlinzi. Mara hazibi vizuri, mara anauza maji kwa siri. Kikaitwa kikao pale pale ukutani. Yule mzee akasimama na kofia mkononi, akasema, “Mimi naziba kila Jumamosi jioni. Naziba kwa mikono yangu. Sijui maji yanakwenda wapi.”

Nami nilikuwepo. Niliombwa nitoe maoni, maana nilikuwa mtaalamu. Nikasema, “Mzee amechoka. Apumzike.” Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya huruma kabisa. Akatozwa mbuzi, akanyang'anywa kizibo. Maharage yake mwenyewe, ya zamu ya Jumatatu, yalikuwa yamekauka kama ya wenzake, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mwizi akaushe shamba lake. Kuanzia hapo alikuja kanisani akikaa benchi la nyuma. Miaka, ndugu zangu. Mimi nilikaa mbele.

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka ya Same yakajaa. Betri tele, redio tele, zinang'aa, zina taa nyekundu na kijani, zina milango miwili ya kanda. Kila mtu akanunua yake, na benchi langu likabaki linakaliwa na kuku. Nikang'oa mabomba, maji ya Jumatatu yakarudi, na watu wakamsifu mlinzi mpya. Nilizichukia redio zile. Plastiki tupu! Lakini zilipoharibika, na ziliharibika upesi, zililetwa kwangu, nikawa nazifungua huku nawasimanga wenyewe.

Siku moja akaja yule mzee. Amebeba redio kubwa kwenye kanga ya mkewe. Binti yake alimnunulia, ikasema wiki mbili ikanyamaza. Nikamwamkia, “Shikamoo mzee.” Akaitikia, “Marahaba baba, nitazamie hii.”

Nikafungua skrubu. Ndani mlikuwa na kibao kidogo kama kiganja, nyaya tatu, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi.

Akauliza, “Hicho ndicho kilichokufa?”

“Hicho hakina kazi, mzee. Kimewekwa ili redio iwe nzito. Mnunuzi akiinyanyua aone ni kitu cha maana.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakigusa kile chuma kwa kidole, akasema, “Aliyekiweka, hakujua kwamba iko siku mtu atafungua?”

Hakuwa ananisema mimi. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Lakini bisibisi ilinidondoka. Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nikamweleza yote, bomba la kwanza, bomba la pili, na lile neno langu la “apumzike”. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha.

Kisha akasema, “Inuka. Mimi niliondolewa mbele za watu. Huwezi kunirudisha hapa tukiwa wawili. Alhamisi kuna msaragambo, watu wote watakuja kuzibua mfereji. Utayasema huko.” Akaichukua redio yake mbovu akaenda.

Nikayasema. Majembe yakasimama. Na nawaambieni, waliopiga kelele kuliko wote, waliotaka nifukuzwe mlimani, walikuwa wale wa benchi langu. “Tungejuaje?” wakasema. Mngejuaje! Waya ulitoka ndivani ukapita katikati ya ua, juu kidogo ya vifundo vya miguu. Kila Jumapili kila mmoja wenu aliuruka ili afike kwenye benchi. Mwingine aliukanyaga, akaniomba radhi.

Nilitozwa mbuzi wawili. Mmoja alikwenda kwa mzee. Nikapewa kutoa tope lote la ndiva peke yangu. Siku ya pili nikamwona mtu anashuka na jembe, na alikuwa ni yeye. Akaanza kuchimba. Mchana mke wangu akaleta makande, tukala sahani moja. Siku ya tatu tulipomaliza, mwenyekiti wa kijiji akamkabidhi kizibo chake mbele ya watu wale wale.

Kwa hiyo leo namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, ambaye hajawahi kunikumbusha lile neno lake, ingawa kila akichambua maharage nalisikia. Namshukuru mzee, amekaa pale benchi la pili, na sitamtaja.

Wa benchi langu sina cha kuwashukuru. Nina la kuwaomba tu, nami najiomba pia. Siku nyingine mkikuta waya umepita njiani, msiuruke. Ufuateni mpaka mwisho, hata kama mpira umeshaanza.