Kahawa ya Watu Ishirini

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu; aliyekijua vizuri nilimkuta na kikombe mdomoni, nikakipata nusunusu. Kijiwe chenyewe ni benchi nje ya kibanda cha kinyozi, mkabala na jengo lililokuwa shule ya misheni enzi za mkoloni, ile iliyopewa ruzuku kulingana na idadi ya wanafunzi. Mzee Kengele alisoma pale. Siku hiyo aliwaalika wenzake wote wa darasani waje saa kumi, akaagiza kahawa ya watu ishirini. Saa kumi na moja ikapita. Hakutokea hata mmoja, na kahawa ikawa inanywewa na wasiohusika.

— Usijali, mzee wangu, alisema Wembe, kinyozi, akijimiminia kikombe cha nne. Tunawawakilisha.

— Kwa matumbo, akajibu Kengele, macho barabarani.

Mama Sindano, fundi cherehani, akasogeza kiti.

— Ila shule ilifungwa kwa nini? Mimi nasikia mchwa. Walikula madawati, wakala ubao, walipofika kwenye hesabu za kugawanya wakashindwa kumeza.

— Mchwa wapi, dada! Kwaya! Gavana alikuja wakamwimbia, wiki hiyohiyo akaomba uhamisho. Aliyemfuata akaifunga mapema, asije naye akaimbiwa.

— Wewe Wembe, muongo na leseni unayo!

— Basi chukua hii: bwana mkubwa huko kwao alimwagia ramani chai. Doa likafunika shule. Walipopangusa, shule ikatoka na kitambaa.

Kengele alicheka, lakini kila viatu viliposikika alinyoosha kola yake. Mara akaja mtu mwenye mvi, moja kwa moja kuelekea jengoni. Kengele akasimama ghafla.

— Darasa la nne? Dawati la dirishani?

— Mimi fundi rangi, shikamoo. Naulizia pa kuweka ndoo.

Kengele akaketi polepole. Akampa kikombe hata hivyo.

— Marahaba, kunywa. Na nyie acheni uzushi. Shule yetu na ile ya serikali ng'ambo ya pili zote zilikuwa na watoto pungufu. Siku ya mkaguzi, walimu wakuu wakakubaliana. Asubuhi alikagua kwao, tukapelekwa sisi kujaza madawati yao. Mchana akaja kwetu, wakaletwa wao kujaza yetu. Mkaguzi akagundua. Ya serikali ikapewa onyo, ya kwetu ikakatwa ruzuku. Ikafungwa, tukatawanyika. Sijamwona mwenzangu hata mmoja tena.

Mama Sindano akainamisha birika. Tone moja tu.

— Samahani, mzee, fundi rangi akauliza. Huyo mkaguzi alijuaje?

Wembe akamtazama Mama Sindano. Mama Sindano akachungulia ndani ya birika.

Kengele akainua mkono, taratibu, kiwiko kimenyooka, kama mtoto anayengoja kuitwa.

— Aliingia darasani kwetu mchana akauliza nani amewahi kumwona kabla ya hapo. Jamani, katika miaka yangu yote ya shule, hilo ndilo swali pekee nililojua jibu lake.