Kibodi Asimamishwa Kazi Pamoja na Kundi Lake

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na kahawa yake huchemka kwa ubishi kuliko kwa moto. Asubuhi hiyo Kibodi, fundi kompyuta wa kiwanda cha uchapaji ng'ambo ya barabara, alikaa hapo akiwa na barua mkononi. Jana yake aliiamuru kompyuta isimamishe kazi moja tu, ile ya kalenda, na mashine zote zikazimika, hadi za vitabu vya shule. Barua ilisema: "Wewe na kundi lako lote mmesimamishwa kazi mpaka mpate barua nyingine." Nyumbani ana mapacha wa miezi minne. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

— Kalenda na vitabu vina undugu gani? aliuliza Mkasi, kinyozi mwenyewe.

— Baba mmoja, alisema Kibodi. Programu kubwa inazaa ndogo. Mtoto akizaliwa anahesabiwa kundi la baba yake. Ukiliamuru kundi lisimame, wanasimama wote. Nilitakiwa niiombe kompyuta impe kila mtoto kundi lake. Nikapitiwa.

— Si umhamishe sasa?

— Akishaanza shughuli yake, baba hana ruhusa tena. Labda ajihamishe mwenyewe.

Faili, karani mstaafu aliyegonga mihuri miaka thelathini, aliweka kikombe chini.

— Ndiyo ndoa hiyo. Mimi sikuhamishwa. Mpaka leo shemeji akila vibaya, tumbo naumwa mimi.

— Kumbe ndiyo maana baba mkwe akilima natokwa jasho, alisema Mkasi. Basi najihamisha. Kundi la Mkasi, mtu mmoja.

Akasogea ukingoni. Benchi likainuka upande wa pili, kahawa ikamwagikia suruali ya Faili.

— Rudi kundini, tunaanguka, alisema Faili. Hata jua, unadhani linazama? Kuna mtu huko anazima taa yake, na hakuitenga na jua.

Hapo akaja katibu muhtasi wa kiwandani na daftari la kupokelea barua.

— Saini hapa, alisema. Na uniandikie uko kundi gani.

— Sikupangiwa.

— Nani alikuajiri?

— Mkuu wa kiwanda mwenyewe.

Faili aliichukua barua, akaisoma mara mbili, akavua miwani.

— Aliyemleta Kibodi ni mkuu, na Kibodi hajahamishwa. Basi yuko kundi la mkuu. Na barua inasema kundi lote: mkuu amejisimamisha kazi mwenyewe, na muhuri wake upo.

Katibu muhtasi aliisoma naye, akakunja uso, akavuka barabara mbio. Mkuu ni mtu wa taratibu. Hajawahi kubishana na muhuri wake. Haukupita muda akatoka getini na mkoba, koti begani, akaja kukaa katikati ya benchi. Mkasi alimmiminia kahawa bila kuambiwa.

— Sasa, mkuu aliuliza taratibu, barua ya kuturudisha kazini atasaini nani?

Mtu pekee ambaye Kibodi angeweza kumwangukia miguuni alikuwa amekaa pembeni yake, akipuliza kahawa.