Kichanja cha Mama Gia

Leo ni tarehe 24 Juni. Wenzangu wa kidato cha tatu wamenichagua niandike ukurasa huu wa jarida la shule, nami nimeahidi kusema yote, hata yale ambayo mwenyewe angependa yapite kimya. Jumatatu ijayo, tarehe 30, Mama Gia, mtunza bustani na dereva wa trekta letu dogo, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi.

Sherehe ameikataa. Mwalimu mkuu alimtajia viti, turubai na keki, naye akajibu, "Mwalimu, watu wakipangwa kwenye viti kunitazama, nitadhani nimekufa." Amekubali ukurasa huu tu. Ataondoka saa tatu asubuhi, wakati sisi tumefungiwa katika mtihani wa hisabati, na hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeamini kwamba saa hiyo imetokea kwa bahati.

Aliajiriwa kufagia madarasa. Mwaka wa pili akapewa bustani, na pamoja na bustani akapewa toroli lenye gurudumu lililolia kama paka. Bustani yetu iko chini ya mteremko, jikoni kuko juu. Kila mboga iliyoliwa shuleni na kila dumu la maji ya kisima vilipandishwa na mikono yake miwili. Wapishi walijua ameanza safari kwa ule mlio, na wakaweka sufuria motoni.

Trekta lilikuwapo, ila lilikuwa la kukatia majani tu, tena dereva wake alikwisha kuacha kazi. Lilikaa bandani miaka mitatu, na kuku mmoja alitagia kwenye kiti. Mama Gia alitafuta kitabu cha maelekezo, akakipata chini ya magunia, lakini kilikuwa kwa Kiingereza. Akaenda kwa wasichana wa kidato cha pili wakati wa mapumziko na kuwaambia, "Nyinyi mna lugha, mimi nina mikono. Nisomeeni." Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waliomsomea. Anasema walisoma ukurasa mmoja kwa siku, naye Mama Gia akikigusa kila kifaa kilichotajwa, na akitamka gia zote kwa sauti kama mtu anayesoma dua. Jina lake lilianzia hapo. Baada ya mwezi mmoja na siku chache, kuku alihamishwa.

Sasa trekta likawa linakwenda, na mizigo bado inabebwa kwa toroli. Jambo hilo lilimkera. Kichanja cha kubebea mizigo kilichouzwa dukani shule haikukiweza, naye hakulia wala hakuandika barua. Alikwenda nyuma ya bweni palipotupwa vitanda vilivyovunjika, akachagua fremu mbili za chuma zisizo na kutu. Akazipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akamsimamia nusu siku nzima mpaka fundi akamuuliza kama anataka kushika mashine yeye. Chini zikawekwa mbao za madawati ya zamani, ambazo hadi leo zina majina ya watu na hesabu zisizokamilika. Kichanja kikaning'inizwa kwenye mikono ya nyuma ya trekta, ile inayopanda na kushuka, kwa pini tatu tu. Ukizichomoa, trekta linarudi kukata majani. Basi, ni hicho tu. Kitu kilichobadilisha maisha ya jiko zima kilitokana na vitanda viwili vilivyokataliwa.

Siku ya kwanza kilikaribia kumuua, na hili pia nimeahidi kulisema. Alipanga madumu kumi na mawili yaliyojaa maji, yote kwenye ukingo wa nyuma, kwa sababu ndiko kulikokuwa rahisi kuyafikia. Katikati ya mteremko magurudumu ya mbele yakanyanyuka, trekta likasimama kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Mama Gia alikanyaga klachi na breki akapiga kelele. Mpishi mkuu, ambaye Mungu hakumnyima mwili, alitoka mbio na mwiko mkononi, akalala kifudifudi juu ya pua ya trekta mpaka magurudumu yakagusa ardhi. Akabaki hapo huku wapishi wengine wakishusha madumu, akilaani trekta, vitanda, na siku aliyozaliwa fundi.

Kesho yake Mama Gia alimimina zege katika ndoo mbili na kuzifunga mbele. Moja akaiita Mpishi Mkuu, nyingine Msaidizi. Tangu hapo alikuwa na kanuni mbili: kizito kikae karibu na kiti, na pua isiachwe tupu. Kila mgeni wa bustani alifundishwa kanuni hizo kabla hata ya kuulizwa anatoka wapi.

Mimi nilifundishwa nikiwa kidato cha kwanza. Wiki ile ya mwanzo nilikuwa silali vizuri wala sili. Nilimkumbuka mama, nikawa najificha nyuma ya banda ili nilie pasipo macho ya watu. Mama Gia hakuniuliza kilichonisibu. Alinitupia kamba, akasema, "Mwanangu, machozi hayafungi mzigo. Njoo ushike huku." Akanifundisha fundo linalokaza njia nzima na kufunguka kwa kuvuta mara moja. Kupanda juu ya kichanja alikataza kabisa, kwa hiyo nilitembea kando yake hadi jikoni, naye akaliendesha trekta polepole kwa mwendo wa miguu yangu. Nilifanya hivyo kila jioni kwa muhula mzima, na hamu ya kula ikanirudia. Mama yangu akija kunitembelea hufikiri shule ndiyo iliyoninenepesha.

Tatizo lake ni moja, nalo ndilo linalotufanya tuandike kwa haraka. Mama Gia haagi. Kila siku ya kufunga shule, wanafunzi wanapobeba masanduku, yeye huingia chini ya trekta na pampu ya grisi. Dada yangu alipomaliza kidato cha nne alimtafuta kila mahali, akakuta viatu viwili tu vimejitokeza. Alizungumza navyo robo saa, akashukuru, akalia kidogo. Sauti ikatoka chini: "Nenda salama. Nina kazi." Dada yangu sasa ana watoto wawili, na bado anakieleza kisa hicho akicheka.

Ijumaa iliyopita Mama Gia alimkabidhi fundi bomba wa shule ufunguo wa trekta. Fundi bomba anaendesha vizuri, hatumlaumu. Ila Mama Gia, kabla ya kurudi nyuma, alikuwa akiuliza kwa sauti ya kufika madirishani, "Nani yuko nyuma?" nasi tukijibu kutoka darasani, "Hakuna!" hata katikati ya somo. Jana trekta lilirudi nyuma kimya. Mwalimu wa hisabati alisimamisha chaki, akangoja, kisha akaendelea kuandika. 

Mama Gia, tunakushukuru kwa maji, kwa mboga, kwa kamba na kwa mwendo wa polepole. Tunakuombea mgongo upumzike, mdogo wako unayekwenda kuishi naye akutunze, na shamba lenu liwe tambarare. Uishi vyema, na kwa muda mrefu.

Lakini namba ya simu hukuacha, na tukikuuliza kwako ni wapi unajibu "huko mbele". Tunajua ni safari ya nusu siku kwa basi, kwa sababu mpishi mkuu ameshindwa kuficha. Tungeweza kumbana aseme yaliyobaki. Hatutaki kuja kama watu wanaovizia, tunataka utuite mwenyewe. Jarida hili utapewa getini na mlinzi, pamoja na kalamu. Ameahidi kwamba hatafungua geti mpaka umwandikie neno moja pembeni ya ukurasa huu, naye ataturudishia kabla hatujatoka kwenye mtihani. Likizo inaanza tarehe 8 Agosti. Tuje?