Wakili Verdiana Projestus, Mbunge wa Kipindi Kimoja (1961–2025)

Marehemu Verdiana Projestus alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, Rugu, wilayani Karagwe, mtoto wa kwanza wa mzee Projestus na mama Adela. Alifuatiwa na Elick, mdogo wake pekee, ndiye anayewasomea haya. Uwakili alizaliwa nao. Akiwa na miaka saba alimbana baba mbele ya wageni kwa nini amemchapa Elick bila kumsikiliza kwanza. Baba akaomba radhi! Elick alicheka machozi hayajakauka.

Alianza darasa la kwanza Rugu mwaka 1969, akahitimu shahada ya sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1987.

Mwaka 1990 alifungua ofisi Kayanga. Mezani aliweka kibakuli cha kahawa ya kutafuna, na waliogombana walitafuna pamoja kabla ya kusema neno. Wengi walipatana papo hapo.

"Jamani, mtanilaza njaa!" alikuwa akiwaambia, huku anacheka.

Julai 1991 alifunga ndoa na Placidius wa Kimuli, Kyerwa. Siku ya posa alimhoji mshenga mpaka maskini akaomba maji. Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa mbunge. Akisimama bungeni, redio zote Rugu ziliongezwa sauti. Mwaka 2020 akagombea tena, Elick akiwa meneja wake wa kampeni. Siku tatu kabla ya kura za maoni, jirani yao Nikuze, Mama Hirwa, alilalamika kwamba Elick ameng'oa miramura, ile miti ya mpaka, akaipanda hatua nne ndani ya migomba ya mama huyo. Na kweli aliing'oa. Wazee wakamwita Verdiana, maana alikuwepo baba yao alipoipanda.

"Dada, sema hukumbuki," Elick alimsihi. "Ni siku tatu tu."

"Nakumbuka. Maji ya kumwagilia nilichota mimi."

Akaonyesha mpaka, shamba la watu likarudi. Elick, kwa hasira za kuaibika, akawageuza wajumbe wasimpigie kura dada yake. Dada akashindwa kwa kura tisa. Kesho yake alifungua ofisi Kayanga akiimba.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Elick ndiye aliyemuuguza.

"Kile kiti cha bungeni nilishakusamehe, kilikuwa kinaniumiza mgongo," alimtania. Kisha akasema, "Lakini Nikuze hujamwomba radhi mpaka leo. Unasubiri nini?"

"Nitakwenda, dada."

Kila Jumapili Elick aliahidi hivyo. Marehemu alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2025, na Elick alikuwa bado hajaenda.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na mdogo wake Elick.

Mama Hirwa, nakuona umekaa pale. Nilikukosea, na nimechelewa mno kusema. Nisamehe.

Dada, sasa pumzika kwa amani.