Hadithi ya Linani Haina Mwisho

Nyuma ya msikiti wa Kitale palikuwa na taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili, na Agosti hiyo ya mwaka wa arobaini na nane, kila aliyelikalia alikuwa mwalimu, mwanafunzi hakuna. Bashir alimimina kahawa ya tangawizi na kusikiliza upuuzi wao bila kuutoza. Wekoye, karani wa ghala la mahindi, alikuwa ameketi pembeni, sanduku magotini, barua ya dada yake Nasambu mfukoni, na hasira zimeshaanza kumpanda. Kesho yake mtoto wa Nasambu angekuja na njuga nyumbani kwa Wekoye kumwita mjomba, kama wafanyavyo Wabukusu siku moja kabla ya kisu cha tohara. Mjomba amchinjie fahali, amvishe ukanda wa nyama shingoni, ampe maneno ya kiume. Kaka yao mkubwa, aliyekuwa akimsimulia kila mpwa hadithi ya linani, yule mtu wa msituni mwenye manyoya mwili mzima, walimzika Juni. Akabaki Wekoye, aliyelelewa misheni, ambako hadithi hizo zilikuwa dhambi. Lori la kumpeleka kwao Bungoma lilikuwa linapakiwa magunia, naye alitaka kitu kimoja tu.

— Nimeuliza jambo dogo, alisema kwa mara ya tatu. Kijana anakutana na linani msituni. Halafu?

— Anamuua, alisema Wabwile, waliyemwita Bama kwa kuwa alipigana vita huko Burma na hakuacha mtu asahau. Anampasua kidole kidogo cha mguu, watu wote waliomezwa wanatoka. Rakini linani si mnyama, bana. Ni askari waliopotea vitani wakakosa wembe. Nimeona wawili.

— Na hao watu wanaeneaje tumboni mwa askari?

— Pole pole. Haba na haba hujaza kibaba.

Wekoye alifumba macho. Cheruiyot, fundi viatu waliyemwita Gundi, alitoa sindano mdomoni na kusema hayo ni maneno ya watu wa bondeni. Kwao Mlima Elgon hakuna anayemuua. Kijana humfuata pangoni, wakalamba chumvi ya mwambani pamoja, akarudi mwanamume. Tena yule wa pangoni ati hana mke wala mtoto.

— Kwa nini hana? aliuliza Wekoye.

— Si amejifunika manyoya? Mficha uchi hazai.

— Utamjua kwa sauti, Gundi aliendelea. Anaita tu, we mtoto, we mtoto. Jina la mtu hana habari nalo. Anayejua jina lako hawezi kukula.

— Hapo umesema kweli, alisema Bama, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu asubuhi.

Kisha Bama akainamisha kichwa, akateremsha sauti. Linani wa siku hizi, alisema, amemeza Tongaren nzima pamoja na malisho yake, na hajatokea wa kumpasua kidole. Watu walitazama barabarani kwanza kama hapiti mzungu, ndipo wakacheka.

— Mnazunguka bure, alisema Bashir. Nani anampiga kofi mtoto wa watu, anamtukana mbele ya kadamnasi, kisha anamtundika nyama mbichi shingoni? Linani ni mjomba.

Walicheka mpaka Gundi akatafuta sindano yake vumbini. Wekoye hakucheka.

— Nyinyi mlisimama mbele ya watu. Mimi nilikatwa hospitalini, nimelala, nimefunikwa shuka. Keshokutwa nataka kijana asimame asipepese jicho, na sina neno la kumpa.

— Si umwambie asiogope? alisema Bama.

— Hilo hata mbuzi anaweza kumwambia.

Ndipo Abdirashid, dereva wa lori, alipokuja akifuta mafuta mikononi. Hakuwahi kuketi kijiweni pale.

— Karani, tumeshafunga turubai. Nasikia unaenda kumsimamia mpwa wako. Hongera. Anaitwa nani, nimwombee dua njiani?

Wekoye alitoa barua mfukoni, akaipitia. Nasambu alikuwa ameandika "mpwa wako" mara nne, jina hakuandika hata mara moja, kwa kuwa mama hawezi kudhani kwamba mjomba halijui. Mara ya mwisho Wekoye alimwona mtoto huyo akiwa mgongoni mwa mama yake. Bama alichungulia kikombe chake. Gundi alirudisha sindano mdomoni. Bashir aliinamisha birika, likadondosha masimbi ya kahawa tu.

— Ni mtoto wa Nasambu, Wekoye alisema mwishowe.

— Nasambu si mama yake?

Wekoye alisimama na sanduku lake. Aibu ilikuwa imemjaa usoni, na hakujaribu kuificha.

— Usinipeleke nyumbani kwangu, alimwambia dereva. Nishushe kwa dada yangu kwanza, kabla kijana hajatoka na njuga kuja kuniita.

Akapanda lori bila kuuliza tena jinsi hadithi inavyokwisha.